Baada ya talaka: urudi kwenu, upange chumba au uhame mji? Ulinganisho kwa walioko Mtwara na Lindi

Talaka ikishatoka, swali la kwanza ni la usiku huohuo: nitalala wapi? Hilo hujibiwa na dada, shangazi au jirani yeyote mwenye mkeka wa ziada. Swali gumu huja wiki kadhaa baadaye, watu wa kuja kutoa pole wakishapungua: nitaishi wapi mwaka huu? Maswali haya mawili huchanganywa, na mtu asiyekula wala kulala vizuri hujikuta ameshauza kitanda, ameshamtoa mtoto shule na ameshapanda basi kabla hajajua haki zake ni zipi.

Ulinganisho huu ni wa swali la pili. Huku kusini njia zinazofikiriwa sana ni tatu: kurudi kwenu, kupanga chumba mjini, iwe Mtwara, Lindi, Masasi au Nachingwea, na kuhama kabisa, mara nyingi kwenda Dar es Salaam. Mifano mingi hapa ni ya wanawake. Lakini katika jamii zetu za Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ambako ukoo umefuata upande wa mama tangu zamani, wapo pia wanaume waliohamia kwa wakwe, na ndoa ikivunjika wao ndio wanaobeba begi. Hesabu yao inapotofautiana tutaitaja.

Vitu vya kupima

Kila njia tumeipima kwa mambo matano yaleyale. Kwanza, fedha ya kuanzia: taslimu unayotakiwa kuwa nayo mkononi kabla ya usiku wa kwanza. Pili, kipato: utakula nini mwezi wa nne, maana wiki ya kwanza utachangiwa. Tatu, watoto: shule, kliniki, na nani anabaki nao ukiwa kazini. Nne, haki zako: njia hiyo inakuweka karibu au mbali na mgawo wa mali, matunzo na mavuno? Tano, upweke. Hili la tano watu hulidharau kwa sababu halina bei, ilhali ndilo linalomrudisha mtu kwenye ndoa iliyomtesa, au kumsukumia kwenye nyingine kabla kidonda hakijafunga.

Usihame kabla ya haya

Haya yanamhusu kila mtu, njia yoyote atakayoshika.

Kwa ndoa ya Kiislamu kuna eda, muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena. Aliyeachwa hukaa twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi kati ya hedhi. Asiyepata hedhi, miezi mitatu. Mjamzito, mpaka ajifungue. Katika talaka rejea, ile ambayo mume bado anaweza kumrudia mke, mke ana haki ya makazi na matumizi muda wote huo. Aya ya kwanza ya Sura At-Talaq inamkataza mume kumtoa nyumbani, na inamkataza mke kutoka. Kumfungia mwanamke mizigo siku ileile aliyoachwa ni mazoea ya watu tu. Kama kubaki ni kupigwa, hilo ni jambo jingine: toka, pitia dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, na kama umeumizwa chukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali.

Kwa kila ndoa, ya dini, ya kimila au ya serikali, kuna mahakama. Karatasi ya talaka aliyoandika mume, hata ikiwa na mashahidi wawili, peke yake haifungui mgawo wa mali. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, mahakama ndiyo inayogawa mali mliyochuma pamoja, inapotoa amri ya talaka au baada ya kuitoa. Unaanzia baraza la usuluhishi la ndoa, la kata au la dini yenu. Likishindwa kuwapatanisha linatoa cheti, Fomu Namba 3, nawe unakipeleka Mahakama ya Mwanzo pamoja na maombi yako. Cheti hicho kisiwe kimezidi miezi sita siku unapofungua shauri. Kikipitwa na muda unarudi barazani kuanza upya, na mwenzako safari hii huenda asitokee.

Usijiambie kwamba hukuwa na kazi, kwa hiyo huna chako. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali. Ila mchango unahitaji kuonyeshwa. Kabla hujatoka piga picha nyumba ndani na nje, bati, kisima, pikipiki, mikorosho. Nakili namba za stakabadhi. Andika majina ya mafundi na mwaka waliojenga. Chukua vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, cheti cha ndoa na kitambulisho chako cha NIDA. Vitu hivi vikibaki ndani, kuvipata baadaye kunageuka ugomvi.

Kisha mavuno, jambo ambalo huku kwetu linaumiza kuliko kitanda na kabati. Mikorosho hupuliziwa salfa na dawa nyingine za ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, kuanzia Mei hadi karibu Agosti, korosho huokotwa kuanzia Septemba au Oktoba, na malipo ya mnada hupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwenda kwenye akaunti ya mkulima aliyesajiliwa. Ukiachika Julai umeshapalilia, umeshabeba maji ya dawa kichwani, labda umekopa. Ukiondoka kimya, fedha zote za Novemba zitaingia kwa jina la mwenzako. Waombe wazee wa pande zote au baraza waandike mapema: mashamba ni mangapi, miti mingapi, nani ataokota, fedha zitagawanywaje. Karatasi hiyo iwe na jina la AMCOS na namba ya mkulima. Ukiachika Februari msimu umeshafungwa; kilichobaki ni kuuliza kama kuna malipo yaliyochelewa.

Njia ya kwanza: kurudi kwenu

*Fedha ya kuanzia.* Ndiyo njia yenye gharama ndogo. Hakuna kodi ya miezi sita wala dalali. Wengi huharibu pale wanapodhani haina gharama kabisa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hata mtoto wa nyumba akirudi na watoto watatu, chakula cha nyumba kinabadilika. Sema wiki ya kwanza, kwa kinywa chako, utachangia nini: tuseme kilo kumi za unga kwa mwezi, lita ya mafuta, na umeme wa wiki moja kati ya nne. Kiasi kidogo kilichotajwa na kutekelezwa kinaheshimiwa kuliko ahadi kubwa. La pili ni mlango. Hata kiwe chumba kidogo cha uani, kiwe na kitasa na kufuli lako. Kulala sebuleni pamoja na watoto kwa miezi ndiko kunakoleta maneno na wifi mwenye nyumba, naye si mtu mbaya. Jiko lake limeingiliwa.

*Kipato.* Hapa kuna ardhi, na kwa mwanamke wa kusini ardhi ya upande wa mama mara nyingi inafikika kupitia mjomba. Muone kabla ya Oktoba, mashamba yanapoanza kuandaliwa, kwa kuwa mvua zetu huanza Novemba au Desemba. Ukija Januari kuomba shamba utapewa pori. Kwa fedha ya haraka fikiria ufuta: unapandwa kati ya Januari na Machi, unavunwa ndani ya miezi mitatu hadi minne, na minada yake hutangulia ile ya korosho. Mbegu ni kama kilo mbili kwa ekari. Hasara ya ufuta ni ya siku chache tu: vitumba vya chini vikianza kuwa vya njano, kata, funga matita na uyasimamishe wima juu ya turubai. Ukingoja mmea wote ukauke shambani, vitumba vinapasuka na mbegu zinamwagika chini, na hakuna wa kuziokota. Mihogo iwe ya chakula, mbaazi za kuuza baadaye.

Mikorosho mipya ni ya subira. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari inachukua miti 28 hivi, na itaanza kuzaa kidogo mwaka wa tatu. Kabla hujapanda mti wa kudumu kwenye ardhi ya ukoo, mwenyekiti wa kijiji aandike ardhi ni ya nani na miti ni ya nani. Mjomba akifariki na watoto wake wakaja, karatasi hiyo ndiyo itakayosema. Na ujisajili AMCOS kwa jina lako na akaunti yako, si ya kaka.

*Watoto.* Kuna bibi, kuna binamu, kuna uwanja. Mtoto aliyeona ugomvi wa wazazi hutulia upesi zaidi nyumba ikiwa na watu. Tatizo ni shule: uhamisho wa msingi hupitia kwa mwalimu mkuu na namba ya PReM ya mtoto, yaani namba yake ya utambulisho wa shule, na aliyeko darasa la nne au la saba asihamishwe baada ya kusajiliwa kwa mtihani wa taifa. Sekondari nayo huenda ikawa kata ya jirani.

*Haki.* Kama mlioana kijiji kimoja au vya jirani, uko karibu na mashahidi wako: waliokuona ukichota maji ya kufyatulia tofali. Hatari inatoka ndani. Mwanamke akidai talaka mwenyewe kwa njia ya khului, hutakiwa kurudisha mahari au sehemu yake, na ndugu waliokula mahari hiyo huenda wakamsukuma arudi kwa mume kwa sababu isiyomhusu. Omba kikao kiwe na mtu mmoja asiyegusa fedha ile, kama somo wako, yule aliyekufunda, au mzee wa msikiti.

*Upweke.* Mwenda kwao si mtumwa, na faraja ya kusikia sauti ya mama ukiamka ni kubwa. Lakini upo upweke wa katikati ya watu. Unaulizwa ulikuwa wapi, unatumwa kama msichana wa miaka kumi na tano, na kila atakayepita uani atataka kusimuliwa kisa upya. Chagua mtu mmoja wa kumwambia yote, ndugu wengine uwajibu kwa sentensi moja. Wakishazoea hawaulizi.

*Inamfaa* mwenye watoto wadogo, asiye na fedha, aliyeachika kati ya Agosti na Novemba wakati msimu wa kilimo uko mbele, na mwenye wazazi au mjomba walio hai na wanaoelewana. Haimfai sana mtu ambaye kwao ndiko walikomlazimisha kuolewa. Na mwanamume arudiye kwao kutoka kwa wakwe aulize kwanza: ardhi ya mama yake inalimwa na nani sasa? Mara nyingi ni dada zake na waume zao, na yeye anakuja kama mgeni.

Njia ya pili: kupanga chumba mjini

*Fedha ya kuanzia.* Hesabu tatu: kodi, dalali, vyombo. Wenye nyumba wengi wanataka miezi mitatu au sita mkupuo, dalali huchukua kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Kwa mfano wa chumba cha shilingi 40,000, miezi sita ni 240,000, dalali 40,000, jumla 280,000 kabla hujanunua kijiko. Ukiuliza mwenyewe mtaa kwa mtaa, kwa mwenyekiti au kwa wauza genge, unaweza kuikwepa ile ya dalali. Vyombo vya mwanzo ni vichache kuliko unavyofikiri: godoro, chandarua, jiko la mkaa au mtungi mdogo wa gesi wa kilo sita, sufuria mbili, ndoo mbili zenye mifuniko, beseni, taa ya kuchaji, kufuli lako mwenyewe. Kitanda kinaweza kungoja. Chandarua hakingoji.

Kagua chumba jioni, siyo asubuhi. Jioni ndipo utajua kama maji yanatoka, wapangaji wangapi wanatumia choo kimoja, baa ya jirani inapiga muziki mpaka saa ngapi, na njia ya kurudi ina mwanga au haina. Angalia dari kama lina madoa ya maji. Uliza umeme unagawanywaje: mita moja ya LUKU kwa vyumba sita ni chanzo cha ugomvi wa kila wiki, hasa kama mmoja ana friji na mwingine ana balbu tu. Makubaliano ya kuchangia kwa vifaa ni ya haki kuliko kwa vichwa. Mkataba uandikwe hata kwa mkono: jina, kiasi, tarehe ya kuanza na kuisha, notisi ya miezi mingapi, nani anatengeneza choo; sahihi mbili na shahidi. Kisha nenda ofisi ya mtaa ujitambulishe. Barua ya mwenyekiti au mtendaji utaihitaji kwenye akaunti ya benki, kikundi na mahakama.

*Kipato.* Mjini fedha inazunguka kila siku, na inaisha kila siku. Chakula karibu na stendi, soko la samaki, bandari ya Mtwara, vyuo au Hospitali ya Ligula kina wateja wa uhakika mchana. Vitumbua na chapati asubuhi havihitaji banda. Tenga mtaji mbali na kodi. Fedha ya kodi ikigeuzwa mtaji inaliwa mwezi wa tano, na wa sita unafukuzwa.

Ubanguaji wa korosho unavutia kwa kuwa malighafi iko kwetu, ila ujue kazi ipi inafaa wapi. Kilo nne hadi tano za ghafi hutoa kama kilo moja ya korosho karanga, yaani iliyobanguliwa. Unachoma au kuchemsha kwa mvuke, unaanika, unapasua, unakausha tena kwa moto mdogo, unamenya ngozi ya ndani. Ganda lina mafuta yanayobabua. Asiye na glavu hupaka majivu au mafuta ya kula viganjani na kurudia mara kwa mara, na bado vidole hutoka vyeusi. Moshi wa kuchoma kwenye uani wa wapangaji utakuletea notisi. Kwa hiyo kubangua kwa kuchoma ni kazi ya kwenu kijijini, na chumba cha mjini kinafaa kukaanga, kuweka chumvi, kupima na kufungasha zilizokwisha banguliwa. Na ghafi usinunue mitaani: kangomba, yaani kununua korosho nje ya mfumo rasmi wa mnada, ni kosa.

Kikoba kina faida mbili, fedha na watu. Kikundi cha watu 15 hadi 30 wanaokutana kila wiki, wananunua hisa, wanakopeshana, wana mfuko wa jamii wa msiba na ugonjwa. Kabla ya kujiunga uliza kama kimesajiliwa halmashauri, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na mzunguko unafungwa mwezi gani. Halmashauri pia hukopesha vikundi kutokana na asilimia kumi ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Kikundi cha wanawake ni kuanzia watu watano, na lazima muwe wakazi mnaofahamika hapo.

*Watoto.* Wanabaki shule ileile, jambo zuri kuliko yote kwa aliye katikati ya mwaka. Tatizo ni saa nane mchana mpaka jioni, wewe ukiwa bado sokoni. Mpange na jirani mmoja kwa malipo yanayojulikana, au madrasa ya mchana. Mtoto wa miaka sita kumlinda wa miaka miwili si mpango.

*Haki.* Njia hii iko vizuri hapa. Baraza na Mahakama ya Mwanzo ni nauli ya bajaji, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri unamfikia kwa suala la matunzo ya watoto, na mtalaka wako akitaka kuwaona watoto hana kisingizio cha umbali. Tahadhari ya bima ya afya: kama ulikuwa mtegemezi kwenye kadi ya mume, usingoje kuugua ndipo ujue imeondolewa.

*Upweke.* Hapa ndipo panapouma. Mchana kuna kelele, upweke unakuja kati ya saa moja na saa nne usiku, unapopika chakula cha mtu mmoja ukakuta umejaza sufuria ya watu watano. Weka jambo la nje angalau jioni mbili za wiki: kikoba, darsa ya wanawake, kwaya, mazoezi. Ijumaa au Jumapili usile peke yako. Idi ya kwanza na Ramadhani ya kwanza zipangwe mwezi mzima kabla, hasa kama watoto watakuwa kwa baba yao, kwa kuwa futari ya peke yako kwenye chumba cha kupanga ni nzito kuliko unavyodhani ukiwa Shaabani. Maneno ya watu yatakuwepo; mwanamke anayeishi peke yake huhesabiwa wageni. Kinachosaidia ni kufahamiana na mwenye nyumba na wapangaji wenzako wiki ya kwanza, kwa salamu na sahani ya chakula.

Kwa wanaume hatari ina sura nyingine. Wengi hawajapika maishani, wanakula kwa mama ntilie, wanarudi kwenye chumba chenye giza, na msimu wa mabibo uraka, pombe yake, unapatikana kila kona. Jifunze kupika ugali na mboga mbili. Si suala la bei tu. Mtu aliyewasha jiko nyumbani ana sababu ya kurudi mapema.

*Inamfaa* mwenye kipato hata kidogo cha kila wiki, mwenye watoto wa shule, mwenye shauri linaloendelea, na anayejua kuwa akirudi kwao atapoteza sauti yake.

Njia ya tatu: kuhama, hasa kwenda Dar es Salaam

*Fedha ya kuanzia.* Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe Rufiji mwaka 2003, safari ni ya siku moja: karibu kilomita 560 kutoka Mtwara. Nauli siyo gharama yenyewe. Gharama ni miezi mitatu ya mwanzo ukiwa kwa ndugu, kisha kodi ya chumba kwa bei ya mjini kule. Usiondoke bila fedha ya kurudi, iliyowekwa kwa mtu asiye mwenyeji wako.

*Kipato.* Soko ni kubwa, kazi ni nyingi na ushindani vilevile. Mwenye ufundi unaotajika kwa neno moja, ushonaji, ususi, upishi, udereva, hupata pa kuanzia mapema. Asiye nao mara nyingi huishia kuwa dada wa kazi asiye na mshahara kwa ndugu yake mwenyewe: anapika, anafua, analea, na anaambiwa analishwa. Kubalianeni kabla ya kupanda basi: nakaa miezi mingapi, nafanya kazi zipi za nyumba, siku zipi natoka kutafuta. Mwenye nafasi ya mafunzo VETA Mtwara au Lindi apime kwanza kumaliza kozi ndipo ahame.

*Watoto.* Ama unawaacha kwa bibi, ama unawahamisha. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinaangalia kwanza ustawi wa mtoto. Kinachukulia kwamba aliye chini ya miaka saba ni vyema awe na mama, dhana inayoweza kupingwa, na mahakama huzingatia ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha mikono. Maana yake kwa vitendo: ukimwacha mtoto kwa baba mwaka mzima ukijipanga, akazoea, baadaye hoja ya utulivu inaweza kusimama upande wa baba. Ukimwacha kwa mama yako, andikeni kwamba ni kwa muda, na uwe unatuma fedha kwa njia yenye kumbukumbu kwenye simu.

*Haki.* Ni udhaifu mkubwa wa njia hii. Shauri likiwa Lindi au Mtwara, kila tarehe ni nauli kwenda na kurudi na siku mbili za kazi. Watu hukosa tarehe mbili tatu, shauri linafutwa. Cheti cha baraza kinazeeka. Mavuno yanauzwa.

*Upweke.* Yapo mapumziko ya kweli kuishi mahali ambapo hakuna anayejua jina la mtalaka wako. Kwa aliyetukanwa hadharani au aliyekuwa akifuatwa, hilo pekee linatosha kumfanya apone. Mbagala na sehemu nyingine za Temeke zina watu wa kusini wengi, vikundi vya kuzikana na ngoma za nyumbani, kwa hiyo huendi kuwa mgeni kabisa. Lakini ugonjwa wa siku tatu bila mtu wa kukuletea uji ndipo unapojua idadi ya watu wako. Jiunge na kikundi cha watu wa kwenu mwezi wa kwanza, kabla hujakihitaji.

*Inamfaa* asiye na watoto au mwenye watoto wakubwa, aliyemaliza mambo ya mahakama, mwenye ufundi, na anayemkimbia mtu mwenye kumdhuru.

Kwa hali yako

Kama huna fedha na una mtoto anayenyonya, nenda kwenu sasa, na taja tarehe ya kupima upya, kwa mfano baada ya mavuno ya ufuta.

Kama una watoto wa darasa la nne au la saba, panga karibu na shule yao mpaka mtihani upite, hata kiwe chumba kidogo kuliko unachotamani. Novemba una uhuru wa kuamua tena.

Kama mikorosho yenu imeshapuliziwa, usivuke mipaka ya wilaya kabla ya karatasi ya mavuno kusainiwa. Ukilazimika, mwachie ndugu barua ya kukuwakilisha kwenye AMCOS, iliyoshuhudiwa na mtendaji.

Kama umeshapata Fomu Namba 3, hesabu miezi sita kutoka tarehe iliyoandikwa na ufungue shauri kabla ya kufikiria Dar.

Kama unapigwa au unatishiwa, umbali ni muhimu kuliko mali. Ondoka, mweleze polisi na ustawi wa jamii ulipo, na madai ya mali yafuate baadaye. Kifungu cha 114 kinaruhusu mgawo hata baada ya talaka kutoka.

Kama wewe ni mwanamume uliyeondoka kwa wakwe, hesabu miti uliyopanda na vyumba ulivyojenga pale. Mali ya mmoja iliyoendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake wakati wa ndoa inaingia kwenye mgawo. Panga chumba mjini karibu na watoto kwa msimu mmoja, na siku za kuwaona ziandikwe barazani badala ya kubishania mlangoni mwa mkweo.

Kama huna mtoto, mambo ya mahakama yamekwisha na ufundi unao, jaribu mji mpya kwa miezi mitatu ukiwa umemwachia mtu vyombo vyako. Usiviuze.